Kopo, mfuko au vyungu vitatu: ushike njia ipi kupika bia nyumbani?

Anayetaka kupika bia yake mwenyewe hukwama mapema, kabla hata ya kuwasha moto. Akiingia duka la vifaa anakutana na makopo ya shira, magunia ya kimea, mifuko mikubwa ya kitambaa, sufuria zenye bomba, pampu, na mashine za umeme zenye kioo cha namba. Akiwauliza wazoefu, kila mwamba ngoma atavutia kwake. Hapa nazilinganisha njia tatu ambazo wapikaji wengi wa nyumbani huzitumia. Mshindi sitamtaja, kwa sababu jikoni kwako sijafika.

Kwanza sheria, tuimalize. Mimi napikia Minnesota, Marekani. Huku Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuruhusu bia ya nyumbani mwezi Oktoba 1978, ikaanza kutumika Februari 1979: galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, galoni 200 kwa yenye wawili au zaidi, bila kodi, mradi usiuze. Majimbo yalifuata kila moja kwa mwendo wake, na Mississippi na Alabama zilingoja hadi 2013. Uingereza ilikuwa imeshaondoa sharti la leseni tangu 1963. Kenya bado inadai leseni kwa anayetengeneza kileo, kwa hiyo aliye Nairobi aanzie huko kabla ya kununua hata kipimajoto, na aliye kwingineko aulize sheria ya kwao.

Kinachotofautisha njia hizi

Bia hutokana na kimea: punje ya shayiri iliyoloweshwa, ikaachwa iote, kisha ikakaushwa. Aliyekulia Uchagani au Kakamega hana haja ya kuelezwa sana, maana ulezi wa mbege na wa busaa hupitia safari hiyo hiyo. Punje ikiota inajitengenezea vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo vikikutana na maji ya nyuzi 64 hadi 70 za Selsiasi, hugeuza wanga kuwa sukari kwa muda wa saa moja hivi. Maji yale matamu huchujwa. Nitayaita togwa, kwa kuwa hamira bado haijaingia. Togwa huchemshwa na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) kwa saa moja, hupozwa haraka, kisha hutiwa hamira ya bia (si ile ya maandazi) na kuachwa ichachuke.

Tofauti yote iko katika namna ya kuipata togwa. Togwa ikishachemka na kupoa, njia zote tatu huwa ni moja: ndoo ile ile, hamira ile ile, wiki zile zile za kungoja. Likumbuke hilo unaposikia mtu akidharau njia ya mwenzake.

Katika njia ya kopo, kiwanda kimeshakulowekea na kukuchujia, kisha kikapunguza maji mpaka ikabaki shira nzito. Ipo pia ya unga mkavu. Muntons wa Suffolk, Uingereza, na Briess wa Wisconsin ni majina utakayoyaona kila duka, na Coopers wa Australia huuza kopo la kilo 1.7 ambalo tayari limetiwa hopsi. Kwa lita 19 za bia yenye kileo cha karibu asilimia 5, unahitaji kama kilo 3 za shira. Wengi huongeza punje kidogo za rangi na ladha, zikalowekwa nusu saa ndani ya mfuko mdogo, mithili ya majani ya chai.

Katika njia ya mfuko, unatandika kitambaa chepesi cha nailoni au poliesta ndani ya sufuria moja kubwa, unatia maji yote kwa mkupuo, lita 27 hivi, unamwaga kilo 4.5 za kimea kilichopasuliwa, unafunika kwa saa moja. Kisha unaunyanyua mfuko, unauacha uchuruzike, na togwa inabaki humo humo kwenye sufuria utakayochemshia. Wapikaji wa nyumbani wa Australia ndio walioieneza katika miaka ya 2000. Mashine za umeme za chombo kimoja, kama Grainfather ya New Zealand au Braumeister ya Ujerumani, ni ndugu wa njia hii: badala ya kitambaa kuna kikapu cha chuma, na pampu ya kuzungusha togwa.

Vyungu vitatu ni mtindo wa kiwanda uliopunguzwa kimo. Chombo cha kwanza ni cha maji ya moto. Cha pili ni cha kulowekea, na mara nyingi ni lile jagi kubwa la plastiki ambalo timu za michezo huwekea maji baridi, kwa kuwa linatunza joto vizuri. Cha tatu ni sufuria ya kuchemshia. Togwa hutolewa taratibu kwa bomba la chini, huku kimea kikisuuzwa kwa maji ya moto ili sukari iliyonasa itoke.

Vipimo nilivyotumia

Nimezipima kwa muda wa siku ya kupika, nafasi na vyombo, gharama, uhuru wa mapishi, na mahali ambapo mambo huharibikia. Ladha sikuifanya kipimo cha peke yake. Bia za kopo zimewahi kutwaa medali kwenye mashindano, na nimeonja bia za vyungu vitatu ambazo mwenyewe hakutaka kumalizia glasi. Njia ya kupata togwa huathiri ladha, lakini kwa kupitia vipimo hivi vingine.

Muda

Kopo ni saa tatu hivi, kuosha vyombo kukiwemo. Mfuko ni saa nne hadi tano. Vyungu vitatu ni saa sita, na ukiwa mgeni hesabu saba.

Muda mwingi huliwa na kupasha maji na kusafisha. Kulowekwa kwenyewe ni saa moja ambayo unaweza kuitumia kupasi nguo. Njia ya kopo hupunguza kote kuwili: unachemsha nusu tu ya maji, lita 10 au 11, kisha unakamilisha ndoo kwa maji baridi yaliyo safi, na hapo umeokoa pia muda wa kupoza. Anayechemsha ujazo wote anahitaji koili ya shaba au ya chuma cha pua ya kupitishia maji baridi ndani ya togwa, na nusu saa ya kusubiri.

Mashine ya umeme ina lake. Kwenye umeme wa Marekani wa volti 120, kufikisha lita 25 kwenye mchemko wa nguvu huchukua muda unaokera. Mashine ya aina hiyo hiyo ikitumia umeme wa volti 230 au 240, kama ulio Dar es Salaam au Kampala, huenda mbio zaidi, mradi TANESCO na wenzao wasikate katikati. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuitegesha usiku, ukaamka maji yako tayari kwenye joto la kulowekea.

Nafasi na vyombo

Aliye kwenye nyumba ya ghorofa, jiko la kawaida na majirani wa pande tatu, asijidanganye. Jiko lile litachemsha lita 11 za kopo bila shida. Lita 27 za mfuko litazipasha mpaka zitoe mvuke, lakini mchemko wa kuruka ni bahati nasibu. Kwa ujazo huo watu hutumia jiko la gesi la nje, lenye miguu mifupi na moto mkali. Jiko hilo halitumiki ndani, wala gereji iliyofungwa mlango, hata kukiwa na baridi ya kutoboa mfupa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye gesi iliyoungua haina harufu, nayo imeua watu.

Lakini mfuko una mlango wa nyuma ambao wauzaji hawausemi sana, labda kwa kuwa hauwauzii kitu. Pika nusu: lita 9 au 10 za bia, kilo 2.3 za kimea, ndani ya sufuria ya galoni 5 ambayo huenda unayo tayari. Jiko la jikoni linaimudu, mfuko uliolowa unainuliwa kwa mkono mmoja, na bia ikitoka vibaya hujapoteza mengi. Kwa ujazo kamili unahitaji sufuria ya galoni 10, na mfuko ukitoka majini unakaribia kilo 8 za kitu cha moto kinachochuruzika. Tundika kapi au kulabu juu, au muite mtu akusaidie. Mgongo wako una kazi nyingine Jumatatu.

Vyungu vitatu vinataka makazi. Si siku ya kupika tu. Siku nyingine zote navyo vinakaa mahali, pamoja na mipira, koki, pampu na meza ya ngazi ya kushushia maji kutoka juu kwenda chini. Minnesota majira ya baridi mpira wa bustani huganda, na mwenye vyungu vitatu gereji huanza kubeba maji kwa ndoo kutoka jikoni. Ukiwa na chumba cha chini chenye bomba na shimo la maji sakafuni, hapo una haki ya kuringa.

Gharama

Hapa mambo yanapishana. Vyombo vya kopo ni rahisi kuliko vyote, lakini viungo vyake ni ghali: kwa kiasi kile kile cha sukari, shira hugharimu takriban mara mbili ya kimea, kwa sababu unamlipa aliyekulowekea. Vyungu vitatu ni kinyume chake. Mfuko uko karibu na kopo kwa vyombo na uko sawa na vyungu kwa viungo, na ndiyo sababu umevutia wengi.

Anayepika mara tatu au nne kwa mwaka hatairudisha fedha ya vyungu vitatu kwa kuokoa bei ya kimea. Anayepika kila wiki mbili atanunua gunia zima na kinu cha kupasulia punje, na hapo bei ya bia yake hushuka sana. Kimea kizima kikiwekwa pakavu hukaa miezi mingi. Kilichopasuliwa hupoteza uhai mapema, kwa hiyo usinunue cha mwaka mzima.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hesabu hubadilika, maana uzito ndio unaolipiwa kwenye usafirishaji. Shayiri inalimwa Narok na kaskazini mwa Tanzania, lakini karibu yote ina mwenyewe, yaani viwanda vikubwa. Hopsi nazo huagizwa nje, kwa kuwa mmea huo unataka siku ndefu za kiangazi ambazo ikweta haina. Shira ya unga ni nyepesi kuliko kimea chenye sukari ile ile, haimwagiki, na huvumilia safari. Kwa aliye mbali na duka, kopo linaweza kugeuka kuwa njia ya bei nafuu.

Uhuru wa mapishi

Kipimo hiki ndicho kinachotenganisha watu.

Ukiwa na kopo, uamuzi mmoja mkubwa umeshafanywa na mtu mwingine: joto la kulowekea. Ukiloweka kwenye nyuzi 65, unapata sukari nyepesi ambayo hamira huila karibu yote, na bia hutoka kavu. Ukiloweka kwenye 69, hubaki sukari ndefu zisizoliwa, na bia huwa na uzito mdomoni. Aliyetengeneza shira alishachagua kwa niaba yako. Rangi nayo ina mpaka: shira ya maji hukoza kadiri inavyozeeka kwenye rafu na inavyochemka, kwa hiyo kupata bia ya rangi ya majani makavu ni kazi. Dawa yake ni kutia sehemu kubwa ya shira dakika kumi na tano za mwisho badala ya mwanzoni, na kutumia ya unga, ambayo haizeeki haraka.

Kuna bia ambazo kopo linazimudu bila aibu. Staut na porter, ambazo ladha yake inatoka kwenye punje zilizokaangwa, ni mojawapo. Bia za ngano za Kijerumani ni nyingine, kwa kuwa shira ya ngano ipo na harufu ya ndizi inatengenezwa na hamira. Bia ya hopsi nyingi aina ya pale ale nayo inawezekana kabisa. Ile IPA (pale ale ya hopsi nyingi zaidi) ya ukungu ya New England ndiyo inayosumbua, maana inataka oti (oats) zilizobanwa bapa na ngano nyingi, na nafaka hizo lazima zilowekwe pamoja na kimea chenye vimeng'enya.

Mfuko na vyungu vitatu hufungua mlango wote. Faida kubwa, kwa mtu anayependa bia za viwanda vidogo, ni kwamba mapishi ya wenye viwanda huandikwa kwa kimea, si kwa shira. BrewDog ya Scotland ilipotoa mapishi yake bure mwaka 2016, yalikuja hivyo: kimea gani, kilo ngapi, kilowekwe kwa joto gani. Mwenye mfuko anapiga hesabu na kuanza. Mwenye kopo lazima atafsiri kwanza, na kitu hupotea njiani. Mpaka kati ya mapishi ya nyumbani na ya kiwanda ni mwembamba kuliko unavyodhani. Ken Grossman alifungua duka la vifaa vya wapikaji wa nyumbani huko Chico, California, mwaka 1976, na kufikia 1980 alikuwa anapika Sierra Nevada Pale Ale, bia iliyoifanya hopsi ya Cascade na harufu yake ya balungi ijulikane kote Marekani.

Hapa ndipo habari za viwanda huingia jikoni. Anchor ya San Francisco, iliyoanza 1896 na kuokolewa na Fritz Maytag mwaka 1965, ilitangaza kufunga Julai 2023. Hamdi Ulukaya, mwenye kampuni ya mtindi ya Chobani, aliinunua mwaka uliofuata, lakini aliyezoea Anchor Steam alikuta rafu tupu. Mpikaji wa nyumbani hakulazimika kungoja. Bia ile ni kimea cheupe, kimea kidogo cha karameli, hopsi ya Northern Brewer, na hamira ya laga (hamira inayopenda baridi) inayochachushwa kwenye joto la juu kidogo kuliko kawaida yake, nyuzi 15 hadi 17 hivi. Hata kopo linaifikia, maana rangi yake ya kaharabu haiogopi shira.

Vyungu vitatu vinaupiku mfuko kwenye bia nzito. Bia ya asilimia 9 au 10 inadai kilo 7 au 8 za kimea, na mfuko wa uzito huo ni mtihani wa mshono na wa mabega, tena sukari nyingi hubaki ndani ya punje. Kusuuza kunasaidia hapo. Mwenye vyungu anaweza pia kukamua togwa ya pili kutoka kimea kile kile na kupika bia nyepesi ya pili, desturi ya zamani ya Waingereza. Mwenye mfuko anayetaka bia nzito hupunguza ujazo, au hutia kilo moja ya shira ya unga, na hakuna askari atakayemkamata.

Mahali pa kuharibikia

Kopo huharibikia dukani. Shira iliyokaa sana ina ladha fulani ya sukari iliyoungua ambayo hopsi haiifichi. Tazama tarehe, na pendelea duka linalouza kwa kasi. Maduka mengi ya vifaa yamepungukiwa wateja miaka ya karibuni, na kopo la duka lililolala huwa limelala nalo. Kosa la pili ni kumwaga shira huku moto unawaka. Inazama chini na kuungua. Zima, koroga mpaka iyeyuke, washa tena.

Mfuko huharibikia kwenye upasuaji wa punje. Punje zikibaki nzima, sukari haitoki, na bia inakuwa nyepesi kuliko ulivyopanga. Kwa bahati nzuri mfuko unavumilia kimea kilichosagwa laini kuliko vyungu, kwa hiyo mwombe muuzaji apitishe kinuni mara mbili. Sufuria isiyofunikwa blanketi hupoteza joto, hasa ukipika nusu. Na usiwashe moto mkali mfuko ukiwa umelala chini, utatoboka.

Vyungu vitatu vina orodha ndefu. Kimea kikiganda juu ya chujio, togwa inagoma kutoka. Ukiwa na ngano nyingi changanya na pumba za mpunga ili maji yapate njia. Maji ya kusuuzia yakizidi nyuzi 77 na kimea kikishakamuliwa sana, hutoka ukakasi wa maganda, kama wa chai iliyosahauliwa jikoni. Pampu huvuta hewa, koki huvuja, mpira huchomoka. Anayependa mafundi na vifaa ataona haya yote ni sehemu ya raha. Asiyependa atauza vyote kabla ya mwaka kwisha.

Maji ya bomba yana adhabu kwa wote, ila zaidi kwa wenye kimea. Dawa ya klorini au kloramini ikikutana na vitu vya kimea na hamira huzaa harufu ya plasta ya hospitali. Kibonge kimoja cha Campden (dawa ya salfaiti inayoondoa klorini) kinatosha kusafisha galoni 20 za maji. Mwenye kimea akiendelea mbele atajifunza pia chumvi za maji. Mwenye kopo amesamehewa, kwa kuwa madini ya kiwandani yamo tayari ndani ya shira.

Sasa lile nililokuomba ulikumbuke. Makosa mengi yanayofanya bia ya nyumbani inywewe kwa heshima tu hutokea baada ya togwa kupoa. Ndoo haikutakaswa. Hamira ilitiwa togwa ikiwa bado vuguvugu. Chumba kilikuwa na nyuzi 26, na kwa kuwa uchachukaji hutoa joto lake, ndani ya ndoo zilifika 29, na hamira ya ale (ya bia zisizo laga) inayotaka 18 hadi 20 ikatema ladha za pombe kali na rangi ya kucha. Njia yoyote kati ya tatu haikukingi na hilo. Ukiwa na fedha ya kununua ama chungu cha tatu ama friji kuukuu yenye kidhibiti joto, nunua friji. Na kama uko Mombasa au Dar ambako hata usiku kuna joto, tafuta hamira za kveik kutoka mashamba ya Norway. Zinapenda nyuzi 30 hadi 40, na huja zimekaushwa kwenye pakiti ndogo.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kupika, na bado hujui kama utapenda kuosha ndoo, anza na kopo, lakini la shira isiyo na hopsi, ujifunze kutia hopsi mwenyewe. Fedha inayobaki itie kwenye kipimajoto kizuri, dawa ya kutakasa na haidromita (kipimo cha sukari iliyomo kwenye togwa). Vitu hivyo utavitumia njia zote, kwa hiyo hata ukihama hujapoteza.

Kama umekwisha pika mara kadhaa na unaona mapishi ya watu unashindwa kuyafuata, nenda kwenye mfuko, na uanze na nusu ujazo jikoni. Wengi hukaa hapo maisha yao yote bila kujuta. Nami, ukinibana, ndipo ninapopikia mara nyingi.

Kama una watoto wadogo na siku yako hukatwa vipande, kopo au mashine ya umeme inayojitegesha. Mfuko wa moto uliotundikwa na mtoto wa miaka mitatu havikai nyumba moja.

Kama unapika na kundi la marafiki, kila mtu anataka kubeba kreti lake, na mnapenda bia nzito za kungojwa mwaka, vyungu vitatu vinalipa, maana ujazo unaongezeka bila kuongeza mgongo. Tafuta vilivyotumika. Mwaka 2024, kwa hesabu ya Brewers Association, chama cha viwanda vidogo vya bia vya huko, viwanda vidogo vilivyofungwa Marekani vilizidi vilivyofunguliwa, na mtu anapofunga huuza sufuria ndogo za majaribio, pampu na kegi. Kiwanda kilicho hai nacho usikipite tu. Wapishi wengi wakiombwa kwa adabu hukujazia chupa ya hamira mbichi iliyobaki chini ya tangi.

Kama shabaha yako ni laga nyeupe nyepesi, kopo litakukatisha tamaa kwa rangi, na njia zote mbili nyingine zitakukatisha tamaa pia usipokuwa na friji ya kushikilia nyuzi 10 hadi 12. Kama shabaha ni staut ya Desemba, kopo litakufikisha bila jasho.

Kama uko Afrika Mashariki, umeshaulizia leseni, na viungo lazima vije kwa ndege, agiza shira ya unga, hopsi za vidonge zilizofungwa bila hewa, na hamira kavu. Halafu jaribu jambo ambalo sisi wa huku tunalitamani: loweka kimea cha ulezi cha sokoni kwenye mfuko mdogo, nyuzi 66, togwa yake uichanganye na ya kopo.

Na kama mwenzio wa nyumbani hawezi kabisa harufu ya kimea kinachochemka, basi kopo, madirisha wazi, siku ambayo hayupo.